Hongo ya Misafara ya Angani

Mwaka 2024 ulipomalizika, setilaiti zilizokuwa zikifanya kazi juu ya dunia zilizidi 11,000. Miaka kumi kabla ya hapo hazikufika 1,300. Nyingi kati yake hupita juu ya Tabora usiku na mchana, zikibeba simu, ramani, habari za hali ya hewa, hesabu za mabenki na michezo ya mpira, wala hakuna mkazi wa Kitete au wa Ng'ambo anayeacha shughuli yake kuinua kichwa. Hilo si ajabu. Tabora ni mji uliozoea tangu zamani kupitiwa na mali za watu wengine.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika Unyanyembe baada ya mwendo wa kama miezi mitatu kwa miguu. Hapo ilijigawa. Tawi moja lilikwenda Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Jingine lilipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. La tatu lilishuka kusini kuelekea Katanga. Burton na Speke walipowasili Novemba 1857, mahali palipokuwa pakiitwa Kazeh, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wenye matembe makubwa, na Wanyamwezi ambao walikuwa wakiijua njia ya pwani kabla Waarabu hawajaanza kufika bara. Livingstone alikaa Kwihara, kilomita chache nje ya mji, tangu Machi hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi. Msafiri ambaye habari zake zilijaza magazeti ya Ulaya na Marekani hakuweza kwenda popote kwa sababu mabega ya kumchukulia mizigo yalikuwa hayajafika. Mabega ndiyo yaliyokuwa mtambo wa mawasiliano wa siku hizo.

Mabega mengi katika njia hiyo yalikuwa ya Wanyamwezi. Mpagazi alijitwika kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akamfuata kirangozi mwenye bendera, akalala porini, na akirudi alikuwa na mikono kadhaa ya nguo. Pamoja na pembe walipita watu waliofungwa minyororo, ambao ujira wao ulikuwa mjeledi. Habari hizi hufundishwa madarasani, na inafaa zifundishwe. Lakini iko sehemu moja ambayo hufundishwa kidogo, nayo ni sehemu ya hesabu: faida ya biashara ile ilibaki wapi?

Haikubaki kwa mpagazi. Kwa watemi ilibaki kidogo, kwa njia ya hongo, yaani ushuru aliotozwa kila mwenye msafara kabla ya kuruhusiwa kupita katika nchi. (Neno hilo siku zile halikuwa na aibu yoyote, lilikuja kuchafuliwa baadaye maofisini, na watumishi wa umma wanaijua sababu.) Hata mwenye msafara mwenyewe, aliyeonekana bwana mkubwa Tabora, mara nyingi alikuwa mdeni. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, alisafiri na bidhaa alizokopeshwa na Taria Topan wa Unguja. Nyuma ya wafanyabiashara wengi wa bara walikuwapo wenye fedha wa aina hiyo, na nyuma ya forodha yote ya Unguja, kwa miaka mingi, lilikuwapo jumba la biashara la Jairam Shivji. Pembe zikitoka Unguja zilikwenda Bombay, London na jimbo la Connecticut huko Marekani, ambako katika miji ya Ivoryton na Deep River viwanda vilizichonga kuwa vibonyezo vya piano. Nguo iliyolipwa hongo na ujira, merikani, jina lake lenyewe linaonyesha ilikoanzia kufumwa. Pembe iliyotoka Manyema, basi, ilizidi kupanda thamani kadiri ilivyozidi kwenda mbali na Tabora. Reli ya Uganda ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, biashara ya kaskazini ikageukia Mombasa. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya mpagazi wa masafa marefu ikawa imekwisha. Mji ulibaki na miembe.

Sasa itazamwe hesabu ya misafara ya angani.

Kwa hesabu za chama cha wafanyabiashara wa setilaiti wa Marekani, biashara hii duniani kote iliingiza mwaka 2024 kiasi cha dola bilioni 290. Mwananchi wa kawaida akisikia neno setilaiti hufikiri roketi, moshi, na watu wanaohesabu kurudi nyuma hadi sifuri. Magazeti nayo humpa picha hiyo hiyo. Lakini kazi yote ya kurusha setilaiti kwa roketi haikufikisha dola bilioni 10 katika jumla hiyo. Kuziunda setilaiti zenyewe kuliingiza kama bilioni 20. Huduma zinazouzwa kwa watazamaji wa televisheni, wenye simu, wenye meli na watumiaji wa intaneti ziliingiza zaidi ya bilioni 100. Na fungu lililo kubwa kuliko yote, zaidi ya dola bilioni 150, lilitokana na vyombo vilivyo ardhini: madishi, ving'amuzi, vituo vya kupokelea mawasiliano, na zaidi ya vyote vile vipande vidogo vilivyomo ndani ya simu na magari vinavyopokea ishara za setilaiti na kumwambia mwenye chombo mahali alipo.

Maana yake ni kwamba katika kila dola mbili za biashara ya angani, dola moja na zaidi kidogo haijawahi kuondoka ardhini. Jambo hili lina uzito kuliko roketi zote, na ndilo ambalo wapangaji wa maendeleo wa nchi hii wanapaswa kuanza nalo.

Mfano ulio karibu na walimu ni vishikwambi. Vyombo hivyo vilinunuliwa kwa ajili ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani wakavitumia nyumba kwa nyumba, kisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Kila mmoja wao anapokifungua kutazama ramani, chombo chake husikiliza setilaiti kadhaa kwa wakati mmoja, zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi, na kwa kulinganisha saa zake kinapata mahali kilipo. Ishara hizo ni bure. Marekani, Urusi, Ulaya na China zinazitoa bila kumtoza mwalimu wa Urambo hata senti moja. Kilicholipiwa ni chombo, na chombo hakikutengenezwa Tanzania, wala kipande kilichomo ndani yake. Huduma ya angani ilikuja bila malipo, na fedha zikaondoka nchini kwa njia ya chini.

Mfano wa pili uko katika kila mji mdogo uliopo kando ya reli. Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, na Bara ikasubiri hadi mwaka 1994. Tangu mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa Desemba 31, 2012, king'amuzi kimekuwa chombo cha kawaida kama jiko la mkaa, na dishi juu ya bati ni alama ya kwamba ndani kuna mtu anayefuata ligi. Nzega, Igunga au Kaliua, mwezi ukiandama mwenye duka hulipia kifurushi, na baa isiyokilipia hukosa wateja Jumamosi. Hapo yako mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni zuri: vijana wengi wamejipatia riziki kwa ufundi wa dishi, na wengi wao hawakufundishwa na chuo chochote, waliupata kwa kuangalia na kukosea. La pili si zuri sana: biashara hiyo ya televisheni za setilaiti, ambayo mwaka 2024 iliingiza zaidi ya dola bilioni 70 duniani, inapungua mwaka hadi mwaka, kwa kuwa watazamaji wa nchi tajiri wanahamia kwenye intaneti. Fundi dishi wa leo asipofundishwa kazi nyingine ya aina hiyo hiyo, atakuwa kama mpagazi wa mwaka 1912.

Kinachokua ni intaneti ya setilaiti. Mapato yake yaliongezeka kwa kiasi cha asilimia 30 katika mwaka 2024 peke yake. Sababu ni mbili. Kwanza, gharama ya kurusha imeshuka tangu kampuni ya Marekani, SpaceX, ilipofaulu mwaka 2015 kuirudisha roketi ardhini ikiwa nzima, na mwaka 2017 kuirusha tena. Pili, setilaiti za zamani za mawasiliano zilining'inia juu ya Ikweta kwa umbali wa kilomita 35,786, zikienda sawasawa na mzunguko wa dunia, na kwa umbali huo sauti ilichelewa. Mpya zinapita kilomita 550 tu juu ya vichwa vya watu, ila zinahitajika maelfu ili moja ikizama upande wa magharibi nyingine iwe imechomoza. Kampuni hiyo ilianza kupanga mtandao wake wa Starlink mwezi Mei 2019. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 zaidi ya nusu ya setilaiti zote zilizokuwa zikifanya kazi duniani zilikuwa zake, na wateja wake walizidi milioni nne.

Nusu ya anga mikononi mwa mtu mmoja ni jambo la kutafakariwa na kila anayekumbuka maana ya ukiritimba. Mwaka 1964 mataifa yalipounda shirika la Intelsat, mpango ulikuwa kwamba setilaiti za mawasiliano zimilikiwe na nchi kwa pamoja, kila moja kwa hisa yake. Kituo cha Longonot nchini Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970, kilijengwa katika mpango huo na kilihudumia Afrika Mashariki yote kabla Jumuiya ya zamani haijavunjika mwaka 1977. Intelsat ilibinafsishwa mwaka 2001, ikaelemewa na madeni hadi kuomba ulinzi wa mahakama mwaka 2020, na Julai 2025 ikamezwa na kampuni ya SES ya Luxembourg. Mali iliyoanza kama ya mataifa imemalizikia katika soko la hisa. Hakuna haja ya kulia juu ya jambo hilo, lakini iko haja ya kulikumbuka pale mjumbe wa kampuni yoyote anapokaa mezani na kusema kwamba amekuja kuwaunganisha wanyonge.

Wapo wanaodai kwamba dawa ya hayo yote ni Taifa kurusha setilaiti yake. Viongozi wa Serikali wameitaja nia hiyo tangu mwaka 2023, na ni nia ya heshima. Majirani wametangulia. Rwanda ilipata RwaSat-1 mwaka 2019, mwaka ambao Ethiopia nayo ilipata yake. Uganda ilirusha PearlAfricaSat-1 mwaka 2022 kwa kazi ya wanafunzi wake watatu waliokuwa katika chuo cha Kyushu nchini Japani. Kenya ilirusha Taifa-1 Aprili 15, 2023, kwa gharama ya shilingi za Kenya milioni 50. Hizi ni setilaiti ndogo, nyingine haizidi ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, na faida yake kubwa ni kwamba vijana walioziunda sasa wanajua kuunda. Hiyo ni faida ya kweli, na bei yake si ya kutisha.

Setilaiti kubwa ya mawasiliano ni jambo jingine kabisa. Nigeria ilirusha ya kwanza mwaka 2007 kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka uliofuata mabawa yake ya kupokea nguvu za jua yakaharibika, ikafa, na badala yake ikapatikana mwaka 2011. Angola ilirusha AngoSat-1 Desemba 2017 na haikupata huduma yoyote kutoka kwake. Ya pili ilifika angani Oktoba 2022. Nchi hizo zina mafuta. Na hata pale setilaiti inapokuwa salama, nchi inayoimiliki hujikuta ikiuza huduma katika soko ambalo bei zinashuka kila mwaka kwa sababu ya maelfu ya setilaiti za chini. Kununua kitu cha namna hiyo wakati huu kwa ajili ya fahari ni kununua msafara wa wapagazi siku chache kabla ya reli.

Fahari ya jina tu haijawahi kumlisha mtu. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti ya kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota. Waliitwa Wataliano kuirusha, roketi ilikuwa ya Wamarekani, na kwa heshima ya siku hiyo setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanasayansi aliyeiongoza, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa la Kiswahili, bahari ilikuwa ya Afrika Mashariki, na Ikweta, ambayo huipa roketi msukumo wa ziada kwa sababu dunia huzunguka kwa kasi zaidi hapo, haikuhamishwa kutoka mahali pake. Lakini elimu ilikwenda Roma na Marekani, na jukwaa lilirusha setilaiti ya mwisho mwaka 1988. Ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Kenya na Italia kutia saini mkataba mwingine uliotaja waziwazi mafunzo kwa Wakenya. Kwa nusu karne Malindi ilikuwa kituo cha msafara.

Lilikuwapo pia jaribio la kutoza hongo ya anga yenyewe. Desemba 1976 nchi nane zinazopitiwa na Ikweta, zikiwamo Kenya, Uganda na Zaire ya siku hizo, zilikutana Bogotá na kutangaza kwamba sehemu ya njia ya setilaiti iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao, na anayetaka kuweka chombo hapo aombe ruhusa. Mataifa makubwa yalicheka, yakaonyesha Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unaokataza nchi yoyote kujitwalia anga za juu. Kisheria walioonyesha mkataba walikuwa na nguvu zaidi. Hata hivyo madai yale hayakupotea bure, kwa maana yalisaidia hoja kwamba nafasi hizo zisigawiwe zote kwa aliyewahi. Katika mipango ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya mwaka 1977 na 1988 nchi maskini nazo zilitengewa nafasi zao. Tanzania, kama nyingine nyingi, ina kiwanja huko juu bila kuwa na nyumba. Ni mali ya kutunzwa na wanasheria na wahandisi wanaojua masharti yake, kwa sababu kiwanja kisicholindwa huvamiwa, iwe Tabora mjini au angani.

Hongo ambayo nchi inaweza kuitoza leo bila ubishi iko ardhini, katika masafa ya redio na leseni. Setilaiti inaweza kupita juu ya Sikonge bila kumwomba mtu ruhusa. Haiwezi kumuuzia mkazi wa Sikonge intaneti bila masafa ya kutumia, na masafa ndani ya mipaka ya Tanzania yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa sheria ya mwaka 2010. Hapo ndipo lango lilipo. Starlink ilianza huduma Rwanda mwezi Februari 2023 na Kenya mwezi Julai mwaka huo huo, na ikaenea pia Msumbiji, Malawi, Zambia na Burundi. Hadi mwaka 2024 unakwisha, Tanzania ilikuwa haijatoa leseni.

Juu ya jambo hilo watu wamegawanyika, na pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Wanaotaka lango lifunguliwe mara moja wanasema kweli kwamba mkongo wa Taifa na minara, pamoja na kazi kubwa iliyofanywa, havijafika kila kijiji, na kwamba mwalimu anayetembea hadi mlimani kutafuta mtandao ili atume matokeo ya wanafunzi hajali anayemiliki setilaiti ni nani. Wanakumbusha pia Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika na mawasiliano ya Afrika Mashariki yakadorora. Siku hiyo aliyekuwa na njia ya angani aliendelea na kazi. Wanaotaka lango lifungwe wanasema kweli kwamba kampuni isiyo na ofisi nchini haitozwi kodi kwa urahisi, haiajiri, wala haijibu mteja anapolalamika. Nchini Kenya, Julai 2024, kampuni kubwa ya simu ya Safaricom iliiandikia mamlaka ya huko ikitaka kampuni za setilaiti zilazimishwe kushirikiana na za ndani. Miezi michache baadaye kampuni hiyo hiyo iliwaongezea wateja wake kasi ya mtandao bila kupandisha bei. Mtu anaweza kuamua mwenyewe ni kitu gani kilichoisukuma.

Tabora ina la kusema hapa. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia ya Ujiji katika vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe. Hakuwa mjinga, alijua thamani ya mahali alipokaa. Lakini misafara haikungoja. Stanley, akiwa miongoni mwa waliozuiwa, aliizunguka vita kwa kupita kusini na kufika Ujiji mwaka huo huo. Lango lililofungwa kabisa lilimtajirisha aliyekaa kwenye njia ya kuzungukia. Baada ya vita Mirambo alibadilisha mbinu: alifanya mapatano, akaipeleka pembe pwani kwa misafara yake mwenyewe, akamkaribisha Urambo mwaka 1879 mmishonari aliyekuwa tabibu. Alikwisha kutambua kwamba mwenye nchi anahitaji hongo, lakini zaidi ya hongo anahitaji mizigo yake mwenyewe, njia yake mwenyewe ya kufika sokoni, na mtu mwenye elimu anayekaa kwake. Alifariki Desemba 1884 kabla ya kuikamilisha kazi hiyo, na wajerumani hawakumpa mrithi wake nafasi.

Kwa kipimo hicho, lango la masafa likiachwa limefungwa, dishi lililosajiliwa nchi jirani linaweza kuja kwenye buti la basi kwa njia ile ile iliyopitwa na pembe, bila leseni, bila kodi na bila anwani. Likiachwa wazi bila masharti, nchi itapata wateja tu. Liko jambo la katikati, na si la kubuni: makampuni ya simu yalitakiwa na sheria kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa wananchi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na Vodacom ikaorodheshwa humo mwaka 2017. Kama hilo liliwezekana kwa wenye minara, hakuna sababu ya kuamini kwamba haliwezekani kwa wenye setilaiti. Ofisi nchini, hesabu zinazokaguliwa, na mteja aliyeandikishwa kwa jina ni masharti ya kawaida.

Lakini hongo yenyewe inafaa ilipwe kwa huduma kuliko kwa fedha. Fedha ya ada ikiingia Hazina huchanganyika na fedha nyingine, na mwalimu wa Uyui haioni. Dishi lililofungwa juu ya bati la sekondari ya kata, likalipiwa na mwenye leseni kwa muda wote wa leseni, linaonekana na mzazi, na mkaguzi anaweza kulihesabu. Sharti liwe kwamba kwa idadi fulani ya wateja wanaolipa, kampuni iunganishe shule moja na zahanati moja zilizo nje ya mkongo, tena ifundishe fundi wa wilaya hiyo hiyo kuvitunza vyombo. Fundi dishi wa Nzega yuko tayari. Anachokosa ni cheti na vipuri.

Na iko kazi ambayo haihitaji kungoja leseni ya mtu yeyote. Tangu Julai 1972 setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikipiga picha za ardhi yote ya dunia. Kuna wakati katika miaka ya 1980 ambapo picha moja iliuzwa zaidi ya dola 4,000, bei ambayo ofisi ya mkoa isingeweza kuifikiria. Tangu mwaka 2008 picha hizo hutolewa bure, zote, pamoja na za zamani. Zile za Ulaya za Sentinel nazo ni bure. Katika picha hizo misitu ya miombo ya Urambo na Kaliua imo, mwaka baada ya mwaka, na mahali ambapo miti imekatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku panaonekana kama kiraka kwenye nguo. Afisa misitu anaweza kukijua kiraka kipya bila kuchoma lita moja ya dizeli. Afisa kilimo anaweza kuona ukame unaanza upande gani wa wilaya. Mpimaji anaweza kuandaa ramani ya kijiji kabla hajafunga safari.

Mali hiyo imelala bure kwa sababu ya upungufu wa wasomaji. Picha ya setilaiti si picha ya harusi. Anayeitazama bila kufundishwa huona rangi tu. Kituo cha Nairobi cha upimaji na ramani, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya nchi za kanda hii, kimefundisha watu wa nchi nyingi, na Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina kituo cha kupima hewa ya ukaa ya misitu ya Taifa kinachotumia picha hizo. Lakini Tabora yenyewe ina Chuo cha Ardhi, ambako wapimaji na wachoraji wa ramani wa nchi hii wanatoka. Hapo ndipo mahali pa kuweka fedha kabla ya kuzungumza juu ya roketi: kompyuta zenye nguvu za kutosha, mkongo usiokatika, walimu waliofundishwa vizuri, na kituo kidogo cha kupokelea picha. Gharama ya hayo yote ni kitu kidogo sana ikilinganishwa na bei ya setilaiti moja ya mawasiliano, na mhitimu wake anaweza kuuza kazi hadi Kigali na Lubumbashi bila kubeba hata frasila moja.

Watumishi wa mikoa wanaoandaa makadirio ya bajeti wana nafasi ya kuliingiza jambo hilo, na wizara zinazohusika na ardhi, misitu na mawasiliano zina nafasi ya kuketi pamoja, jambo ambalo kwa kawaida huwa gumu kuliko kurusha roketi. Ofisi ya misitu ya wilaya iwe na mtu mmoja aliyefundishwa kusoma picha, na cheo chake kitambuliwe katika muundo wa utumishi, ili asihamishiwe masijala mwaka unaofuata. Na katika leseni yoyote itakayotolewa kwa mwenye setilaiti, shule na zahanati zitakazounganishwa ziandikwe humo kwa majina, moja moja, pamoja na tarehe ya mwisho ya kufungwa dishi la kila mojawapo, kuanzia Sikonge, Kaliua na Uyui.